Binti anapotaka kuiacha miwani

Miongoni mwa barua tulizopokea mwezi huu imo ya dada yetu mmoja wa Tanga, mama wa watoto wanne, ambaye binti yake wa pili amevaa miwani tangu darasa la tano. Sasa binti yuko chuo, na amewaambia wazazi wake kuwa anataka kuiacha miwani na kuvaa zile lenzi ndogo ziwekwazo juu ya jicho lenyewe. Baba mtu amekataa katakata, akisema huo ni urembo na kuiga watu. Mama mtu hakukataa wala hakukubali. Ametuandikia kuuliza mambo mawili: je, udhu wa mwenye lenzi unasihi, na je, jicho litasalimika?

Tunamshukuru dada yetu kwa kuyauliza yote mawili kwa pamoja, maana yamefungamana kuliko yanavyoonekana. Maji ya udhu, ambayo kwa upande wa fiqhi hayana ugomvi wowote na lenzi, kwa upande wa tiba ndiyo hasimu wake mkubwa. Binti anayeambiwa na shekhe kwamba udhu wake ni sahihi, kisha asiambiwe na yeyote namna ya kuutia, amepewa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumgharimu uoni.

Hukumu yenyewe ni nyepesi. Uso unaopasa kuoshwa katika udhu ni ule wa nje. Ndani ya jicho hamna faradhi ya kupelekwa maji, si katika udhu wala katika josho la janaba. Lenzi basi si kama rangi ya kucha, inayoziba mahali panapotakiwa kufikiwa na maji. Mwenye lenzi hahitaji kuivua ili udhu wake usihi. Katika Ramadhani pia, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, hayahesabu kitiwacho machoni kuwa chenye kufunguza, hata ladha yake ikihisiwa kooni. Yapo madhehebu yenye kauli nyingine, na aliye katika hayo amuulize shekhe wake.

Sasa tuje kwenye jicho. Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, mfano wa kioo cha saa, huitwa konea. Ni nyembamba mno, kiasi cha nusu milimita katikati yake, na haina mshipa hata mmoja wa damu, kwani lau ingekuwa nayo tusingeona vizuri. Kwa sababu hiyo konea hujipatia oksijeni kutoka katika hewa, kupitia machozi. Lenzi huelea juu ya machozi hayo, ikiwa imefunika konea yote. Hata lenzi za siku hizi, zilizotengenezwa ili zipitishe hewa, ni kifuniko. Konea iliyofunikwa kwa saa nyingi hudhoofika, na ngozi yake ya juu hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Kijidudu kikija wakati huo hukuta mlango wazi.

Na vijidudu huja na maji. Kipo kimojawapo, aina ya amiba ambayo wataalamu huiita akanthamiba, kinachoishi katika maji ya bomba, ya kisima, ya tangi la juu ya paa, ya bahari, na hata katika udongo. Kikiwa katika hali ya kujifungia ndani ya ganda lake, dawa ya klorini inayotiwa katika maji ya mji hakiijali. Kwa asiyevaa lenzi, maji hayo humwosha na kupita, na ni nadra mno adhurike. Lakini lenzi laini ni kama sifongo: hunyonya maji, hukishika kijidudu, na kukikalisha juu ya konea. Maradhi yake yana maumivu makali, tiba yake huchukua miezi, na wako walioishia kubadilishiwa konea. Ni maradhi machache kwa idadi, tusimtie dada yetu hofu isiyo na kiasi. Ila wengi wa wanaoyapata ni wavaaji wa lenzi.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na lenzi huandika kwamba lenzi isiguswe na maji, na basi. Waliviandika watu ambao hawakumfikiria mtu anayejirushia maji usoni mara tano kwa siku, kila mara kwa mikupuo mitatu. Hapo ndipo jamii yetu inapaswa kujifikiria yenyewe.

Ushauri wetu ni huu. Binti aswali Alfajiri bila lenzi, kisha akaushe uso na mikono, ndipo azivae. Jioni azivue kabla ya udhu wa Isha. Kwa mpango huo udhu wa kwanza na wa mwisho wa siku haukuti lenzi jichoni. Udhu uliobaki, wa Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, autie huku amefumba macho barabara. Asijirushie maji kwa nguvu, bali ayapitishe usoni kwa viganja kwa upole, na kabla ya kufumbua apanguse kope kwa kitambaa kisafi. Kufumba macho hakupunguzi chochote katika udhu. Akijaaliwa kuuhifadhi udhu wake kutoka Adhuhuri hadi Alasiri, ni kheri mara mbili. Ama kuoga, josho, na kuogelea baharini, hapo lenzi zitoke kwanza, pasi na mjadala.

Mikono nayo ina adabu yake. Huoshwa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato mengi, husuuzwa, na hukaushwa kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mkono uliotoka kutawadha, ukiwa bado unadondoka maji, haugusi lenzi. Kucha ziwe fupi, jambo ambalo Muislamu hahitaji kuhimizwa na daktari. Lenzi huwekwa kwenye ncha ya kidole cha shahada na kutazamwa: ikiwa imekaa kama bakuli, iko sawa, ikiwa kingo zake zimepanuka nje kama kisahani, imepinduka. Kisha binti huvuta kope la chini kwa kidole kingine, hutazama juu, na kuipachika taratibu. Aanze daima na jicho la kulia. Ni desturi yetu katika mambo mema, na hapa ina faida ya ziada, kwani macho mawili mara nyingi hutofautiana namba, na asiye na utaratibu huzichanganya. Mara ya kwanza atafumba na kufumbua, atalia machozi, pengine nusu saa itapita bila mafanikio. Si ajabu. Jicho limeumbwa likatae kuguswa. Siku za mwanzo azivae saa chache tu, aongeze kidogo kidogo.

Wapo akina mama wanaoogopa kwamba lenzi itateleza na kupotelea nyuma ya jicho hadi kwenye ubongo. Haiwezekani. Utando mwembamba unaofunika sehemu nyeupe ya jicho hujikunja na kuungana na upande wa ndani wa kope, hivyo nyuma hakuna njia.

La kuogopwa zaidi ni usingizi. Kope likifungwa, hewa iliyokuwa ikiifikia konea hupungua zaidi, na machozi hayasogei tena kuosha. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara nyingi, na usingizi tunaousema si ule wa usiku pekee. Qailula ya mchana nayo ni usingizi. Safari ya basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kichwa kikiwa dirishani, ni usingizi. Anayekwenda Hija ndiye tunayemwonya zaidi, kwa sababu usiku wa Muzdalifa hulaliwa chini ya mbingu, penye vumbi, na pa kunawia kwa utulivu ni pa taabu. Huyo avae miwani tangu Arafa, au abebe lenzi za siku moja, zile zinazotupwa jioni.

Lenzi hizo za siku moja, kama mfuko wa nyumba unaruhusu, ndizo tunazozipendelea kwa anayeanza, kwa kuwa hazina kikasha wala dawa ya kuhifadhia. Za mwezi zina matunzo ya kila siku: dawa ya jana humwagwa yote, haiongezewi, kikasha husuuzwa kwa dawa ile ile, si kwa maji, huachwa kikauke, na hubadilishwa angalau kila miezi mitatu. Nyumba isiyo na hakika ya kununua dawa kila inapokwisha isianze kabisa. Twalisema hili bila haya, kwani tunawajua watu wetu: dawa ikiisha tarehe ishirini, mtu hujifariji kwa maji yaliyochemshwa na chumvi hadi mshahara utoke. Maji hayo ya chumvi ya nyumbani yameshapofua watu.

Namba ya miwani haihamishwi kwenye lenzi kama ilivyo. Miwani hukaa takriban milimita 12 mbele ya jicho, lenzi hukaa juu yake. Mwenye miwani ya dayopta hasi 5 aghalabu huhitaji lenzi ya hasi 4.75, na wa hasi 8 hushuka hadi hasi 7.25 hivi. Tena mtaalamu lazima apime mviringo wa konea, na atazame kama machozi yanatosha. Wataalamu hao wapo nchini. KCMC ya Moshi imekuwa ikiwafunza kwa miaka mingi. Duka la vipodozi halina vipimo hivyo.

Hapo tunagusa jambo linalotusumbua, nalo ni lenzi za rangi za maharusi. Bibi harusi hununuliwa macho ya kijivu au ya asali pamoja na hina na udi, huvishwa na mpambaji, na baada ya sherehe lenzi zile zile humwendea mdogo wake, kisha binamu. Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inazihesabu lenzi zote, hata za rangi tupu zisizo na namba, kuwa kifaa cha tiba kinachohitaji cheti cha mpimaji. Sisi tunaziuza karibu na bangili.

Baba wa binti basi ana sehemu ya haki katika hasira yake, lakini si yote. Adolf Fick, tabibu aliyeandika kuhusu lenzi za kioo huko Zürich mwaka 1888, alikuwa akiwatafutia tiba wenye konea zilizoharibika umbo. Lenzi zake zilikuwa kubwa na nzito, hazikuvumilika ila kwa saa chache. Lenzi laini alikuja kuzitengeneza mkemia wa Prague, Otto Wichterle, mwishoni mwa mwaka 1961, nyumbani kwake, kwa mtambo aliouunga kwa vyuma vya kichezeo cha watoto na dinamo ya baiskeli. Hadi leo yupo mgonjwa ambaye konea yake imechongoka kama pia, na miwani haimsaidii. Lenzi ngumu ndiyo inayomwezesha kusoma. Kwa huyo kumwambia ni urembo ni kumdhulumu. Binti wa Tanga si mgonjwa wa namna hiyo, lakini kutaka kuona pembeni bila fremu, au kuvaa nikabu pasipo vioo kufunikwa na mvuke, si kosa. Tunamwomba baba ampeleke yeye mwenyewe kwa mpimaji, ayasikie masharti kwa masikio yake, kisha aamue pamoja na mkewe.

Miwani isitupwe. Iwe na namba ya sasa, na iwe karibu: ya usiku, ya mafua, ya siku za moshi jikoni.

Na siku jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga, au likiona ukungu, lenzi itolewe saa ile ile. Yasitiwe maziwa ya mama wala maji ya chai, wala matone yaliyobaki kwa jirani, kwani baadhi yake yana dawa ya kutuliza uvimbe ambayo huyapa maambukizi nguvu. Binti afike kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, asingoje asubuhi ya pili, na achukue mkononi lenzi pamoja na kikasha chake, bila kuviosha, maana daktari aweza kuvihitaji kwa vipimo vya maabara.