Paka Hamalizi Panya

Ukimuuliza mtu wa Mji Mkongwe dawa ya panya, jibu analo mdomoni: fuga paka. Hata wakitajwa panya wa visiwa vidogo vinavyoizunguka Unguja, ambavyo miaka hii vinakodishwa kwa wawekezaji wa hoteli, wengi watakujibu hivyohivyo: peleka paka wawili watatu, shida imekwisha. Imani hii mjini ni ya uongo, na visiwani ni ya hatari.

Mjini ushahidi uko wazi. Samaki wakishushwa, paka hushiba vichwa na matumbo yao, na aliyeshiba hana sababu ya kupambana na panya mzima mwenye meno makali. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo kutoka kituo cha taka cha Brooklyn, New York, walikokaa panya zaidi ya mia pamoja na paka wa mitaani. Kwa siku 79 za kamera walihesabu mashambulizi matatu tu, na panya waliouawa ni wawili. Kilichobadilika ni tabia ya panya: paka akiwapo, walijificha zaidi. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mwenye nyumba akiacha kuwaona panya hudhani wamekwisha, kumbe wamo darini, juu ya boriti, wanasubiri usiku.

Panya mweusi ni mgeni wa siku nyingi kwetu. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu katika tabaka za karne ya 7 na ya 8. Aliingia na mizigo ya biashara ya Bahari ya Hindi. Chumbe, kisiwa cha maweni kilicho kilomita 6 hivi kutoka pwani ya Unguja, hakukifikia kwa kuogelea, alipanda chombo. Mwaka 1994 miamba na msitu wa Chumbe vilitangazwa kuwa hifadhi, na mwaka huohuo buabua wenye kifua cha rangi ya waridi walitaga kwenye visiwa vidogo vya pembeni yake. Buabua hutaga chini kabisa, kwenye mwamba mtupu, na yai la namna hiyo kwa panya ni chakula kilichokwisha pakuliwa. Mwaka 1997 panya wa Chumbe walimalizwa, na hawakumalizwa na paka. Walimalizwa kwa sumu, na kazi ya namna hii ina kanuni moja isiyo na huruma: chambo kifike kila pembe ambayo panya anaweza kupita, katika kipindi kimoja, kwa sababu jike mmoja mwenye mimba akibaki, baada ya wiki tatu anazaa na hesabu inaanza upya. Paka hana kanuni hiyo. Panya wakipungua na kuwa wagumu kuwakamata, huwaacha na kugeukia windo jepesi, yaani mjusi au kinda lisiloweza kuruka.

Afrika Kusini waliyaona hayo katika Kisiwa cha Marion. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walipelekwa paka watano ili wapunguze panya wadogo wa kituo cha hali ya hewa. Kufika miaka ya 1970, wazao wao walikadiriwa kuua ndege wa baharini 450,000 kwa mwaka. Ilichukua kampeni ndefu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuwaondoa paka hao. Na panya? Wapo mpaka leo, wanawatafuna vifaranga wa albatrosi wakiwa hai viotoni. Nasi hapa tunalo kosa la aina hiyo: mwishoni mwa karne ya 19 kunguru waliletwa Unguja kutoka India wale taka za mji. Taka zipo, na kunguru wapo, wanapora mayai ya ndege wa kienyeji.

Watasema paka ni kipenzi cha Waislamu, na kwamba Abu Huraira alipata jina lake kwa kipaka chake. Ni kweli, na mlango wangu haumfukuzi paka. Ila kumpenda mnyama si kumbebesha kazi asiyoiweza, wala kumtelekeza kwenye mawe pasipo maji. Wengine wanaiogopa sumu, na hofu yao ni ya haki, maana bundi akila mzoga wa panya aliyeila anaweza kufa. Kwa hiyo chambo hufungiwa ndani ya visanduku na mizoga huokotwa. Hiyo ni kazi ya miezi, wakati panya hula mayai kila mwaka bila kikomo. Unguja yenyewe, yenye zaidi ya watu milioni moja, hakuna anayedai isafishwe hivyo. Huku dawa ni kuzoa taka na kufunika mapipa.

Visiwa vidogo ndivyo vinavyowezekana, na ndivyo vinavyoponyoka sasa. Hoteli haijengwi bila boti za saruji, mbao na magunia ya mchele, na kila gunia ni nyumba ya panya. Mkataba wa kila kisiwa kinachokodishwa utaje nani anakagua shehena kabla boti haijang'oa nanga, nani anaweka mitego gatini, nani analipa panya wakionekana. Na uandike bayana kwamba paka hapelekwi.