Anayejitolea Hutoa Nafsi Yake, Si ya Mwanafunzi

Miongoni mwa vitenzi vyenye heshima kubwa katika lugha yetu ni kujitolea. Mzizi wake ni toa. Kutokana na toa tukapata tolea, kisha tukapachika kiambishi ji. Kiambishi hicho kidogo ndicho kinachobeba uzito wa neno. Kinatuambia kwamba mtoaji na kinachotolewa ni mtu mmoja. Anayejitolea hutoa muda wake, nguvu zake na usingizi wake wa Jumamosi. Hana idhini ya kutoa cha mwingine, sembuse maisha ya mtoto wa mwingine.

Nimeanza na sarufi kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini jambo ninalotaka kulijadili leo liko nje ya darasa. Ni wajibu wa walimu na vijana wanaojitolea kuwafundisha wanafunzi kupanda miamba mwishoni mwa juma. Nchini Kenya shughuli za aina hii zina historia. Chama cha wapanda milima cha Kenya kilianzishwa mwaka 1949, na tangu hapo kimewategemea wanachama wanaowafunza wenzao bila mshahara. Mpango wa Tuzo ya Rais, ambao huwapeleka vijana katika safari za nyikani, ulianza mwaka 1966, nao pia huwategemea watu wa kujitolea.

Sioni sababu yoyote ya kuwanyima vijana wa Lodwar na Kakuma mafunzo haya. Mji wa Lodwar umezungukwa na vilima vya mawe ya volkano, na si mbali na Kakuma imesimama milima ya Pelekech. Aidha, Kakuma ina kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na vijana wengi wamezaliwa na kukulia humo. Kijana aliyeshikiwa kamba na mwenzake wa kabila au taifa jingine, naye akamshikia kwa zamu yake, amejifunza kuaminiana kwa namna ambayo hotuba haiwezi kumfunza. Kwa hiyo simwandikii mwalimu ili kumvunja moyo. Ninamwandikia ili ajue amekubali kubeba nini.

Kwanza, tuuache usemi kwamba ajali haina kinga. Mara nyingi usemi huu hutumiwa kufunga mjadala ambao ulipaswa kufunguliwa. Katika Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ndiko uliko mnara wa mwamba wa Fischer, ambao wapandaji wengi wa Kenya wanaufahamu. Katika korongo la hifadhi hiyo hiyo, mwezi Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana 7 waliokuwa katika matembezi ya kanisa. Mwezi Septemba 2019 mafuriko mengine yaliwaua watu 7 katika korongo lilo hilo. Katika makorongo, maji ya mvua iliyonyesha mbali huweza kumfikia mtu kabla hajaona dalili yoyote ya mvua hapo alipo.

Wenyeji wa Turkana hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wanazijua laga, ile mito mikavu ambayo asubuhi ni mchanga mtupu na jioni ni maji yanayobeba magogo. Lodwar iko kati ya mto Turkwel na laga ya Kawalase. Kakuma imepakana na Tarach. Kiongozi anayewavusha wanafunzi laga ili wafike kwenye mwamba ana wajibu wa kuuliza, kabla ya kuondoka, hali ya mvua ikoje huko maji yanakotoka, na watarudi kwa njia ipi ikiwa laga itajaa. Kuutazama uwingu ulio juu yake peke yake hakutoshi.

Ziko kazi nyingine za aina hiyo ambazo hufanywa kabla kamba haijafunguliwa. Mawe ya volkano yaliyochakazwa na jua na upepo huweza kung'oka mkononi. Basi kiongozi na aupande na kuukagua mwamba siku nyingine, bila wanafunzi, na awavike wote kofia ngumu, wakiwamo wanaosubiri chini. Joto la Lodwar hupita nyuzi 35. Basi kazi na ianze alfajiri na kwisha kabla ya jua kali, na maji yahesabiwe kwa kila kichwa. Ajue nani ana pumu na nani ana kifafa, na awe na idhini ya mzazi au mlezi. Kila fundo likaguliwe na macho ya watu wawili. Aidha, gari liwepo. Kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na aliyevunjika mguu hawezi kusubiri gari litafutwe.

Wajibu wa pili unanihusu zaidi kama mwanaisimu, nao husahauliwa mno. Ni wajibu wa lugha. Anayepanda na anayeshika kamba huweza kutengana kwa mita 20, hawaonani, na upepo unavuma. Wanachobaki nacho ni neno. Sasa tuyatazame maneno yetu. Shika na shuka yanatofautiana kwa irabu moja tu. La kwanza humwambia mtu aikamate kamba, la pili humwambia aje chini. Tazameni pia usishuke na ushuke. Katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani shu katika maneno yote mawili. Ukanushi wote umo katika silabi si, ambayo haina mkazo. Upepo ukiimeza silabi hiyo, katazo limegeuka kuwa amri.

Kiturkana nacho kina hatari yake. Katika lugha hiyo irabu nyingi za mwisho wa neno hazighuni. Hutamkwa kwa pumzi tu, na pumzi haisikiki kutoka juu ya mwamba. Ongezeni Kisomali, Kiarabu, Kidinka na Kiswahili cha Kongo ambavyo husikika Kakuma, nanyi mtaona kwamba haifai kila mtu apaze sauti kwa neno lililomjia kinywani.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama. Kikundi kichague maneno machache na kuyashika hayo tu. Maneno hayo yatofautiane kwa sauti na kwa idadi ya silabi, kama kaza na legeza. Pasiwe na amri iliyojengwa kwa ukanushi. Badala ya usishuke, tuseme subiri. Jina la anayeambiwa litangulie, na mwenye kuambiwa alirudie neno kabla ya kutenda. Kimya kisihesabiwe kuwa ni jibu. Mazoezi ya maneno hayo yafanywe uwanjani, miguu ikiwa ardhini, hadi mgeni wa juzi ayajue sawa na kiongozi.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawakimbiza watu wa kujitolea, kwani hawalipwi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Hata Uingereza, baada ya wanafunzi 4 kufa baharini katika ghuba ya Lyme mwaka 1993, sheria ya mwaka 1995 ilivitaka vituo vya biashara kuwa na leseni, lakini haikuvilazimisha vyama vya hiari vinavyowahudumia wanachama wake. Hata hivyo, msamaha wa leseni haukuwa msamaha wa uangalifu. Nasi hapa Kenya tuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 53 inasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Haikuuliza kama mwenye kumwongoza mtoto analipwa au halipwi.

Njia ya kumpunguzia mzigo anayejitolea ni kumwongezea wenzake. Asiende peke yake. Wawe angalau wawili, na kila mmoja awe na haki ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa ya mwingine. Na hapa nawageukia wakuu wa shule. Kiongozi akirejea na wanafunzi ambao hawakugusa mwamba, kwa sababu aliona kamba imechubuka au wingu limetanda upande wa milimani, msimwulize mafuta ya gari yamepotelea wapi. Mpokeeni kwa shukrani. Mkimwaibisha siku hiyo, siku nyingine atapanda nao wingu likiwa limetanda.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba heshima kwa mkubwa ni kunyamaza. Ukiona fundo la mwenzako limelegea, sema. Kiongozi wa kweli atakushukuru mbele ya wote, kwani amejitolea ili nyote mrudi nyumbani.