Aliyewekwa Kando Naye ni Askari

Ndugu askari, wako wanaonung'unika kila kamanda abadilishapo safu. Na wajifunze kwa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani. Januari 2018, katika fainali ya mpira wa Kimarekani mjini Atlanta, Georgia iliongoza 13 kwa 0. Mapumzikoni mwalimu Nick Saban alimtoa Jalen Hurts, akamwingiza kijana Tua Tagovailoa. Wengi walishangaa, Alabama ikashinda 26 kwa 23. Hurts hakuasi, wala msimu uliofuata hakuhama. Desemba, Tua alipoumia, Georgia ikiongoza 28 kwa 21, Hurts aliingia. Wakashinda 35 kwa 28, wakafuzu nusu fainali. Basi kamanda asimtupe aliyemweka kando; naye aliyewekwa kando asitupe silaha.