Abiria Naye Ana Haki ya Kivuli

Kiswahili ni lugha yenye adabu nyingi, na mojawapo ya adabu hizo ni usemi wa "kuchimba dawa". Basi liendalo Lindi au Mtwara husimama kando ya barabara kuu ya kusini, penye kichaka. Kondakta hutangaza, na abiria hushuka, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mama mjamzito, mzee anayetembelea mkongojo, mwalimu anayerejea kituoni kwake pamoja na vijana aliowafundisha jana, wote hutafuta shina la mti la kujisitiri. Hakuna anayechimba dawa yoyote. Baada ya dakika chache honi hupigwa, basi huondoka, na uchafu uliobaki husubiri mvua iupeleke bondeni, ambako pengine wanakijiji huteka maji.

Barabara hiyo imeigharimu nchi fedha na jasho. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yalipopamba moto aliweza kulala njiani siku kadhaa. Kipande cha kilomita 60 baina ya Ndundu na Somanga kilikawia sana kupata lami, na tope lake bado linasimuliwa na madereva wa zamani. Leo basi hutoka Dar es Salaam alfajiri na kufika Mtwara siku hiyo hiyo. Hayo ni maendeleo ambayo hapana mwenye akili timamu atakayeyabeza. Lakini katika kuhesabu lami, makaravati na madaraja, kimesahauliwa kitu kimoja, nacho ni mwili wa binadamu anayekaa kitini saa nane au zaidi.

Wapo watakaosema kwamba mikahawa ya njiani inatosha. Mikahawa hiyo ni mali ya watu binafsi, na basi husimama pale ambapo mwenye basi na mwenye mkahawa wameelewana. Abiria asiyekuwa na fedha ya sahani ya wali hujiona mgeni asiyealikwa. Dereva wa lori, ambaye usingizi wake ni hatari kwa kila aliye barabarani, hana mahali pa kuegesha gari na kujinyoosha ila ukingoni mwa lami. Haja ya mwili haifai kuwa hisani ya mfanyabiashara.

Mwezi Mei 2024 jambo hili lilijidhihirisha kwa namna ya kuhuzunisha. Mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam. Mabasi na malori yalikwama. Waliokwama walikuwa na fedha na wasiokuwa nazo, watoto na wagonjwa, na kando ya barabara hapakuwa na paa la umma wala choo cha umma cha kuwapokea wote.

Yafaa kutazama jinsi wengine walivyofanya, hata ikiwa wengine hao ni Marekani, nchi ambayo watu hawaitarajii kuwa mwalimu wa mali ya umma. Katika jimbo la Oregon, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki, gavana Oswald West alifanikisha mwaka 1913 kupitishwa kwa sheria iliyoufanya ufuko wa bahari kuwa barabara ya umma, ili matajiri wasije wakauzungushia ua. Mwaka 1929 idara ya barabara ya jimbo hilo ilimteua Samuel Boardman kuwa msimamizi wa kwanza wa bustani za umma. Kwa zaidi ya miaka 20 mtu huyo alishughulika kupata viwanja, vingine vidogo sana, kandokando ya barabara kuu, wakati miti ilikuwa ingali imesimama. Basi msafiri wa pwani ile leo hukuta vituo vidogo vyenye msitu, maegesho, meza na choo, wala haulizwi amenunua nini. Lililo muhimu hapo ni wakati. Viwanja vilichukuliwa kabla ya shoka kufika, kwa sababu hakuna zabuni iwezayo kuleta mti wa miaka mia.

Huku kusini shoka limekwisha kufika. Magunia ya mkaa yaliyopangwa kandokando ya lami ni ushahidi tosha. Hata hivyo, baina ya Rufiji na Kilwa yangali mabaki ya misitu ya pwani, ambayo wataalamu wa dunia huihesabu miongoni mwa hazina adimu za viumbe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 tayari imetenga mita 30 kila upande wa barabara kuu, zikipimwa kutoka katikati. Panapohitajika eka mbili au tatu zaidi, serikali ya kijiji ipo ya kuzungumza nayo. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimekwisha onyesha kwamba vyaweza kusimamia misitu yao na kuuza mpingo kwa utaratibu. Vitashindwaje kutunza vyoo, kisima na miembe kumi, iwapo ada ya maegesho ya malori na kodi ya vibanda vya madafu na korosho vitabaki kijijini?

Kuhusu gharama, yapasa wahandisi waulizwe swali moja. Kila barabara inapojengwa au kukarabatiwa, mkandarasi huweka kambi yenye uwanja uliosawazishwa, maji na vyoo, na mara nyingi kivuli ambacho mafundi wake walikuwa na busara ya kutokikata. Kazi ikiisha, mabati hung'olewa na uwanja huachwa kuwa pori. Mkataba ungeweza kutaja tangu siku ya kwanza kwamba kambi hiyo ijengwe mahali ambapo msafiri atapumzika baadaye, na kwamba mkandarasi aondoke na mitambo yake, aache kisima, vyoo na miti.