Si kila maumivu ya tumbo ni enfeksio

Hapa kwetu Bukavu, mama akisema tumbo la chini linamuuma katikati ya mwezi, mara nyingi anatumwa famasia ya karibu. Anauziwa antibiotiki bila kupimwa. Akirudi nyumbani, bwana anauliza: hiyo enfeksio umeitoa wapi? Ugomvi unazaliwa hapo, kwa ugonjwa ambao pengine haupo.

Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka karibu siku ya 14. Linapotoka linaweza kuuma upande mmoja, dakika chache ao siku moja mpaka mbili. Mwezi huu kulia, mwezi mwingine kushoto. Huo si ugonjwa, si sumu, wala si umalaya.

Lakini tusikimbilie pia kusema "ni mambo ya wanawake, itapita". Maumivu makali yasiyopoa, homa, kutapika, uchafu wenye harufu, kizunguzungu, ao kutoka damu wakati siku zake zimechelewa: hapo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, apandisiti, ovari iliyojinyonga, ao enfeksio ya kweli. Huyo apelekwe hospitali leo, si kesho. Mimba nje ya kizazi ikipasuka, inaua.

Wenye famasia, acheni kuuza dawa kwa kukisia. Wababa, lipeni vipimo mbele ya kushitaki. Na ninyi wamama, andikeni tarehe ya damu na tarehe ya maumivu kila mwezi. Munganga atauliza hizo kwanza.