Asiyekuwepo na Lake Halipo: Timu za Michezo na Kura ya Kijana

Mnamo tarehe 26 Agosti 2020, wachezaji wa timu ya mpira wa vikapu ya Milwaukee Bucks nchini Marekani walikataa kuingia uwanjani baada ya polisi kumpiga risasi Mmarekani mweusi katika mji wa Kenosha. Siku mbili baadaye, ligi ya NBA na chama cha wachezaji vilikubaliana kwamba viwanja vinavyomilikiwa na timu vitolewe kwa shughuli za uchaguzi, maafisa wa uchaguzi wakiridhia. Ukumbi wa State Farm Arena mjini Atlanta uliwapokea wapiga kura wa mapema mwaka huo. Aidha, tarehe 8 Novemba 2022, siku ya uchaguzi, ligi hiyo haikupanga mchezo wowote.

Tukio hili lina funzo kwa Kenya. Timu hizo hazikuishia kwenye kaulimbiu. Zilitoa mahali na wakati, mambo mawili ambayo mpiga kura hawezi kuyakosa.

Katika uchaguzi wa mwaka 2022, vijana wa miaka 18 hadi 35 hawakufika asilimia 40 ya Wakenya 22,120,458 waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na ya 2017. Huenda kijana asiyefika katika kituo cha usajili ndiye huyo huyo anayepanga foleni saa nzima apate kuishangilia Gor Mahia au AFC Leopards. Ikiwa kijana haendi kwenye usajili, kwa nini usajili usimfuate langoni mwa uwanja?

Hata hivyo, kuna pingamizi ambalo si jepesi. Klabu hizi mbili zina mizizi katika jamii za Waluo na Waluhya, na wanasiasa wamekuwa wakizifadhili. Mwito wa "jisajili" waweza kusikika kama mwito wa "mchague fulani". Dawa yake si kunyamaza. Mwito na utolewe na mahasimu wote wawili, kwa maneno yale yale, siku wanapokutana; na mgombea yeyote asipewe kipaza sauti. Si bure mechi yao ikaitwa Debi ya Mashemeji: mashemeji hutaniana, lakini hawavunji undugu.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Katiba ya 2010 inaitambua lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Mwito ukitolewa kwa Kiswahili, hauwi wa Mluo wala wa Mluhya. Kuuandika mwito huo kwa lugha inayoeleweka jukwaani, isiyo na urasimu wa ofisini, ni kazi inayowafaa wasomi wa lugha kuliko makongamano mengi.

Mashabiki huamini kuwa kelele zao huweza kubadili matokeo ya mechi. Wakumbushwe kuwa siku ya kura kelele hazihesabiwi. Asiyekuwepo na lake halipo.