Orodha ya Mafaili: Imekwisha au Imekatika?

Mwalimu aitapo majina ya wanafunzi asubuhi kisha akanyamaza, darasa zima huona mara moja kama amefika mwisho wa daftari au amekatizwa na kikohozi. Kompyuta haina uso wa kutazamwa. Inapokoma kutaja majina ya mafaili, aliye mbele ya kioo hudhani kwamba imemaliza. Dhana hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa kuwa twawafundisha vijana wetu bila ya sisi wenyewe kutambua.

Tuchukue mfano wa shule yenye seva moja inayohifadhi kazi zote, na kompyuta 20 zinazoisoma seva hiyo kwa njia ya waya. Mwalimu wa taaluma afungua folda ya maendeleo ya kidato cha nne, aona mafaili 312, ilhali wanafunzi ni 480. Fikira yake ya kwanza ni kwamba wenzake hawajawasilisha matokeo; ya pili, kwamba yuko aliyefuta. Lawama huanzia hapo, na pengine mtu huandikiwa barua ya kujieleza kabla hajatokea hata mmoja wa kuuliza iwapo orodha yenyewe imetimia.

Swali hilo si la ubishi. Mfumo wa NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984 na unaotumika hadi leo, hauleti folda kubwa kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ya mtumiaji huomba fungu. Seva huleta majina kadhaa, kila jina likiambatana na namba inayoonyesha mahali pake. Kompyuta huirudisha namba ya jina la mwisho na kuomba yanayofuata, na mwendo huo huendelea mpaka seva itamke wazi kwamba majina yamekwisha. Tamko hilo ndilo ushahidi wa kwamba folda imesomwa hadi mwisho. Ukimya si ushahidi.

Namba hizo nazo zina udhaifu wake. Katika diski zilizopangwa kwa mtindo wa ext4, namba yaweza kutokana na hesabu inayofanywa juu ya herufi za jina, na majina mawili yaweza kuangukia namba moja. Hapo ni vigumu kujua pa kuendelea. Katika toleo la 2 la NFS, ambalo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1989, namba ilikuwa na baiti 4 tu. Toleo la 3, la mwaka 1995, liliipa baiti 8, tena likaongeza kithibitisho, ili seva ipate njia ya kuikataa namba iliyopitwa na wakati badala ya kubahatisha. Zipo seva zisizokitumia kithibitisho hicho.

Kibaya zaidi ni jinsi programu zinavyoandikwa. Amri ya readdir, ambayo programu za jamii ya Unix huitumia kusoma folda, hurudisha jibu lile lile tupu, iwe imefika mwisho au imepatwa na hitilafu. Tofauti imefichwa pembeni, katika namba ya makosa, ambayo mtunga programu hana budi kuifuta kwanza na kuikagua baadaye. Asiyeikagua ameandika programu isiyojua kama imekwisha au imekatika, nayo itafanya kazi vizuri kwa miaka, mpaka siku moja.

Siku hiyo si ya mzaha. Fikirini programu ya kunakili akiba, iliyoagizwa kufuta katika nakala kila kisichoonekana katika asili. Watunzi wa rsync, programu mashuhuri ya kazi hiyo iliyotolewa mwaka 1996, waliliona jambo hili: ikipata hitilafu wakati wa kusoma asili, huacha kufuta chochote isipokuwa imeamriwa vinginevyo. Lakini orodha ikikatika bila hitilafu kutajwa, hata hadhari hiyo haifai kitu.

Afanyeje basi aliyekutwa na tatizo? Wengi huanza kwa kushuku ruhusa. Katika Unix ruhusa ya kuorodhesha ni ya folda nzima: utayaona majina yote au hutaona hata moja. Ni afadhali kuhesabu majina kwenye seva yenyewe, kisha kwenye kompyuta ya mtumiaji. Hesabu zikitofautiana, liitwe faili lisiloonekana kwa jina lake kamili, kwa maana kuita kwa jina na kuorodhesha ni maombi mawili mbalimbali. Likifunguka, faili lipo, na kosa ni la orodha. Lisipofunguka, isubiriwe dakika moja: Linux kwa kawaida huiamini kumbukumbu yake ya folda kwa sekunde 30 hadi 60 kabla ya kuiuliza seva upya. Yafaa pia kuchungulia kama ndani ya folda hiyo pamepachikwa diski nyingine ambayo seva haikuagizwa kuigawa. Folda ya namna hiyo huonekana tupu kwa watumiaji, ingawa kwenye seva imejaa.

Kuzima na kuwasha, dawa ipendwayo na mafundi wetu, huenda kukarudisha majina, lakini hufuta dalili zote, na kesho ugonjwa hurejea bila ya mtu kuujua zaidi ya jana. Mimi ningelipiga marufuku zoea hilo katika vyumba vya kufundishia.

Mahali pake ningeweka zoezi. Ziundwe folda mbili za mafaili matupu 5,000 kila moja. Katika ya kwanza, mwanafunzi mmoja aorodheshe huku mwenzake akifuta na kuongeza. Ya pili iachwe itulie. Walinganishe hesabu zao mara kumi. Kanuni za POSIX hazitoi ahadi yoyote kuhusu faili lililoongezwa au kufutwa baada ya folda kufunguliwa, kwa hiyo tofauti za folda ya kwanza zisiwashtue. Tofauti katika folda iliyotulia ndiyo ya kuchunguzwa. Kompyuta mbili kuukuu zatosha, na waya mmoja.